Riwaya za Mahaba na za Fantasia: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu akiulizwa mbele ya mhadhiri wake ni riwaya gani aipendayo zaidi, hakawii kuitaja Nagona au Dunia Yao. Jibu hilo ni salama. Lakini kitabu kilichomkesha juzi hadi majogoo huenda kikawa kingine kabisa: hadithi ya mapenzi aliyoiazima kwa mwenzake wa bwenini, jalada limebanduka na kurasa zimekunjwa pembe, au kijitabu cha majini, pete za ajabu na falme zisizopatikana kwenye ramani yoyote. Kitabu hiki cha pili hakitajwi. Husomwa kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayostahili kuhojiwa, maana taaluma inayowazoeza wanafunzi wake kuficha wanachokisoma hujinyima sehemu kubwa ya maarifa kuhusu usomaji wenyewe.

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, lakini umezaa dhana potofu kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na uzito, na chenye uzito hakina haja ya kupendwa. Makala haya yanadhamiria kuzipima tanzu mbili zilizoathirika zaidi na dhana hiyo, yaani riwaya ya mahaba na riwaya ya fantasia, pasipo kuzionea wala kuzipendelea. Hoja ya msingi ni kwamba tanzu hizi zina udhaifu mwingi na mkubwa, ila udhaifu huo haupo pale ambapo wahakiki wamezoea kuunyoshea kidole.

Je, Kutabirika Ni Kosa?

Shutuma ya kwanza dhidi ya riwaya ya mahaba ni kwamba hutabirika. Wawili wanakutana, wanazozana, kizuizi kinazuka, kizuizi kinaondoka, wanaoana. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa mjini London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, imejipatia umaarufu duniani kote kwa mkondo huo huo, na si wasichana haba wa shule za bweni za Kenya ambao wamevisoma vitabu vyake chini ya madawati. Msomaji hukifungua kitabu akijua kitakavyokwisha. Basi, husemwa, kuna sanaa gani hapo?

Ajabu ni kwamba shutuma hii hutolewa na watu waliolelewa katika ushairi wa Kiswahili. Tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti. Aghalabu kila mshororo una mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Vina havina budi kutiririka. Msikilizaji anajua kabla ya malenga kufungua kinywa kwamba kina kitarudi. Hakuna aliyewahi kumwita Muyaka bin Haji mvivu kwa sababu ubeti wake wa pili ulifuata umbo la ubeti wa kwanza. Kinachopimwa ni ustadi wa malenga ndani ya umbo hilo: fumbo lilivyofumwa, neno lilivyochaguliwa, dhana ilivyogeuzwa kwenye kituo. Ikiwa umbo lisilobadilika ni fahari katika shairi, haliwezi kuwa fedheha katika riwaya kwa sababu tu riwaya hiyo inahusu mapenzi.

Mtafiti Janice Radway, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu wanawake wasomaji wa riwaya za mahaba nchini Marekani, alifanya jambo ambalo wahakiki wengi hawakuwa wamelifanya: aliwauliza wasomaji wenyewe. Wanawake hao walimweleza kwamba kusoma kuliwapa muda wao binafsi, mbali na madai ya waume na watoto yasiyokoma. Kwao, kitendo cha kufungua kitabu kilikuwa kama kufunga mlango. Hata hivyo, Radway hakuishia kwenye sifa. Alionyesha pia kwamba hadithi hizo huweza kumliwaza mwanamke ili arudi kuivumilia hali ile ile iliyomchosha. Huo ndio uhakiki wa haki: unamheshimu msomaji, kisha unakihoji kitabu.

Mapenzi Yenye Kiboko

Udhaifu halisi wa masimulizi ya mapenzi katika riwaya ya Kiswahili ni kwamba mara nyingi mapenzi hayaandikwi kwa ajili yake yenyewe. Huandikwa kama chambo. Msomaji anavutwa kwa ahadi ya mahaba, kisha anapigwa mahubiri. Msichana anayependa lazima aadhibiwe: apachikwe mimba, atupwe mtaani, augue, afe. Mwanamume aliyemponza aghalabu hutoweka katika sura ya tano, na mwandishi hajishughulishi kumtafuta.

Jambo ambalo husemwa kwa nadra ni kwamba mkondo huo haukuanzia kwenye vijitabu vya vibandani. Umo katika riwaya zinazotahiniwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa analelewa kwa ukali na babake, Zakaria, anaingia katika dunia ya mapenzi bila ya silaha yoyote ya maarifa, na mwisho anajitoa uhai. Katika Kiu ya Mohamed S. Mohamed (1972), mapenzi ya Bahati yanageuzwa kuwa daraja la wanaume wenye tamaa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anayatoroka maisha ya kutawishwa na kuangukia katika danguro, ingawa mwandishi huyo anamwonea imani na kumrejesha kwenye maisha ya heshima pamoja na Kabi. Hapana shaka kwamba hizi ni kazi kubwa. Kezilahabi anamtia hatiani baba pamoja na jamii yake, na ndiyo sababu mojawapo riwaya yake iliwaudhi wakubwa hata ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Lakini walioziiga walichukua adhabu wakaiacha hoja. Walimwona Rosa akifa. Hawakumwona Zakaria akishtakiwa.

Ndiposa vijitabu vingi vya mapenzi vinastahili lawama, tena bila ya kuumauma maneno. Wivu wa mwanamume husawiriwa kama ithibati ya mapenzi. Kofi hufuatwa na busu, na msomaji anatarajiwa kufurahi. Msichana maskini huokolewa na kijana mwenye gari kubwa, na utajiri wa kijana huyo hauelezwi ulikotoka. Msichana akikataa mara tatu, mwandishi humfanya akubali mara ya nne, kana kwamba kukataa kwake kulikuwa mapambo tu. Masuala haya ni mazito kuliko suala la kutabirika, kwa sababu vitabu hivyo husomwa na vijana wanaojifunza namna ya kupenda. Mhakiki anayevipuuza kwa dharau anawaacha vijana hao peke yao navyo.

Kwa upande mwingine, ipo riwaya inayoonyesha kwamba mapenzi yanaweza kubeba uzito wa historia bila ya kugeuzwa kiboko. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999) inamfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anayetoroka ndoa hiyo na kumpenda Denge, mwanaharakati anayeandamwa na serikali ya kikoloni katika Unguja ya miaka ya 1950. Shafi hamwadhibu Yasmin kwa kupenda. Hamzawadii Denge pia kwa kumfanya shujaa wa mapenzi. Denge ana mchumba mwingine, nao ni ukombozi. Penzi lao linavunjwa na mambo yaliyo makubwa kuliko wao, na Yasmin anaendelea kuishi, anapata utulivu kwa Bukheti. Msomaji aliyetaraji harusi ya Yasmin na Denge anaumia, lakini hahisi kwamba ametapeliwa. Haikushangaza hadithi hiyo ilipotengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Wanaodai kwamba riwaya ya Kiswahili haiwezi kuwa ya mahaba na ya kisiasa kwa pamoja wanapaswa kuirejelea.

Ndimi za Wapenzi

Kasoro nyingine ni ya lugha, na hii inapaswa kuwauma wanafunzi wa Kiswahili kuliko wote. Kiswahili hakina njaa ya msamiati wa mapenzi. Kina huba, mahaba, nyonda, ashiki, shauku na hiba. Kina muhibu, mahabuba na laazizi. Taarab, tangu enzi ya Siti binti Saad, imewafunza wasikilizaji kumtaja mpenzi kwa ua, lulu, tunda au tausi, na kumpiga mshindani kijembe pasipo kumtaja jina. Kanga ina jina lake, na mwanamke wa pwani aliweza kumjibu mchumba, mume au mke mwenza kwa kujifunga kanga yenye maneno yanayofaa na kupita mbele yake kimya.

Licha ya hazina hii yote, wapenzi katika riwaya nyingi za sasa huzungumza kama maandishi yanayopita chini ya tamthilia za televisheni zilizotafsiriwa kwa haraka. Kijana hutangaza kwamba hawezi kuishi bila ya msichana; msichana hujibu kwamba naye pia. Basi. Hakuna fumbo la kufumbua, hakuna jibu la pembeni, hakuna kimya chenye maana. Katika jamii ambamo mapenzi kwa karne nyingi yamesemwa kwa mafumbo, usemi huu wa waziwazi unamnyima msomaji raha yake kuu, yaani raha ya kuelewa kabla ya kuambiwa. Mwandishi angeweza kuujenga mgogoro mzima wa sura juu ya kanga moja iliyofika kwa mtu asiyelengwa.

Nchi za Kufikirika

Fantasia imekuwa na bahati zaidi kuliko mahaba, lakini bahati hiyo ina masharti. Fasihi ya Kiswahili imekuwa na makazi ya ajabu tangu jadi. Fumo Liyongo wa tendi na visasili hakupenywa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Hadithi za Alfu Lela Ulela zilipata masikio pwani kabla ya kupata wino wa wachapishaji. Wakati wa ukoloni zilikuja tafsiri: Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Kisha Shaaban Robert akaitundika nchi nzima angani katika Kusadikika (1951), na mwaka uliofuata akawaleta majini na manyani katika Adili na Nduguze. Katama Mkangi alimrusha Dzombo hadi Walenisi mwaka 1995. Wafu wakazungumza katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Na Kyallo Wamitila akaitembeza Bina-Adamu! (2002) katika dunia isiyofuata mantiki ya kila siku.

Kazi hizi zinaheshimika, na ni haki ziheshimike. Lakini swali linazuka: kwa nini jini wa Shaaban Robert anaandikiwa tasnifu ilhali jini wa kijitabu cha kibandani anachekwa? Jibu ni kwamba wahakiki huikubali fantasia pale tu inapokuwa istiara. Kusadikika inasomwa kama Tanganyika chini ya mkoloni. Walenisi ni wale-ni-sisi. Kijiji cha Bina-Adamu! ni utandawazi. Jini akiwa na maana ya kisiasa anaruhusiwa kuingia darasani. Akiwa jini tu, anaachwa mlangoni.

Msimamo huu umewadhuru hata waandishi bora. Nchi inayobuniwa ili iwe barakoa ya nchi nyingine haina haja ya kuwa na udongo. Msomaji akiifunga Kusadikika anakumbuka hoja za Karama mbele ya baraza na kiburi cha Majivuno, lakini ni nadra akumbuke namna watu wanavyoishi katika nchi inayoning'inia hewani, wanavyoyachota maji au wanavyowazika wafu wao. Majina ya wahusika yameshasema kila kitu kabla wao wenyewe hawajatenda lolote. Hoja inabaki, dunia inayeyuka. Kwa mwandishi wa mwaka 1951, aliyehitaji kusema mambo mazito chini ya utawala wa kigeni, mbinu hiyo ilikuwa ya busara. Kwa mwandishi wa leo anayeirudia bila ya sababu ile, ni mazoea.

Linganisha na Adili na Nduguze, kazi inayotajwa kwa nadra zaidi. Humo Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani kwa hiana waliyomtendea ndugu yao, naye Adili ameamriwa kuwapiga kila usiku. Adili anawapenda. Kila pigo linamuumiza yeye, na asipopiga ataadhibiwa. Hapo uchawi una sheria, na sheria ina gharama, na anayeilipa ni mtu mwema. Msomaji hahitaji ufunguo wa kisiasa ili ashikwe na simulizi hiyo. Anahitaji kuwa na ndugu tu. Hali kadhalika kwa Liyongo: nguvu zake zina pengo moja, na siri ya pengo hilo inatolewa kwa mwanawe mwenyewe, ambaye ndiye anayemwua. Maajabu na mapenzi yanakutana mahali pamoja, na hapo ndipo msiba unapozaliwa.

Kipimo hicho ndicho kinachoyaangusha masimulizi mengi ya fantasia ya kibiashara. Pete inasuguliwa, jini anatokea, kila tatizo linakwisha. Mganga ana dawa ya kila adui. Shujaa halipi chochote, kwa hivyo msomaji haogopi chochote. Uchawi usio na mpaka ni sawa na shairi lisilo na mizani: kila kitu kinawezekana, na hakuna kinachoshangaza.

Ipo pia kazi ya kinadharia ambayo haijafanywa ipasavyo. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliifafanua fantasia kuwa ni ule wasiwasi wa msomaji asiyejua kama tukio lina maelezo ya kawaida au ya kimiujiza. Ufafanuzi huu ulifaa Ulaya. Lakini kwa wasomaji wengi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, jini, mzimu na mzuka si wageni. Wamo katika mazungumzo ya jioni na katika dua za asubuhi. Msomaji wa namna hiyo hana wasiwasi anaoutarajia Todorov. Je, kwake mpaka kati ya uhalisia na fantasia upo wapi? Swali hili haliwezi kujibiwa na yeyote vizuri kuliko wanafunzi wa Kiswahili, iwapo watakubali kuvisoma vitabu hivyo mchana.

Soko na Mtihani

Nchini Kenya, tatizo lina mzizi mwingine. Wachapishaji huandaa vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya shule kwanza. Riwaya inayoteuliwa kutahiniwa, kama ilivyokuwa kwa Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri, hununuliwa na maelfu ya wanafunzi. Isiyoteuliwa hukaa ghalani. Mwandishi anayejua hivyo huandika akiwa na kamati ya uteuzi begani. Mapenzi yatasafishwa hadi yabaki kupeana mikono, na fantasia itabebeshwa funzo kwenye ukurasa wa mwisho. Tanzania ilipata kina Faraji Katalambulla, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa waliomwandikia msomaji wa kawaida kwa Kiswahili. Kenya ilipata Son of Woman ya Charles Mangua (1971) na After 4.30 ya David Maillu (1974), na zote mbili ni za Kiingereza. Ukiwa ya Katama Mkangi (1975) ilionyesha kwamba kijana wa Kenya angeweza kuandikiwa mapenzi kwa Kiswahili, lakini njia hiyo haikupata wapitaji wengi.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Kijana Mkenya hupenda kwa Kiingereza, huota kwa Kiingereza, na kufanya mtihani kwa Kiswahili. Baada ya kidato cha nne humrudishia mwalimu kitabu na kuiaga riwaya ya Kiswahili maisha yake yote. Hatimaye idara za Kiswahili hulalamika kwamba watu hawasomi, ilhali kile ambacho wangekisoma kwa hiari kilidharauliwa kabla hakijaandikwa.

Hatima

Hakuna anayedai kwamba kijitabu cha kibandani kichukue nafasi ya Kezilahabi. Linalodaiwa ni kwamba kila kazi ipimwe kwa mizani inayoifaa. Riwaya ya mahaba iulizwe: je, wapenzi hawa wana hiari? Je, lugha yao ni ya Kiswahili kweli? Riwaya ya fantasia iulizwe: je, dunia hii ina sheria, na ni nani anayelipa gharama yake? Wahadhiri wanaweza kutenga wiki mbili katika kozi ya riwaya kwa maswali hayo. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuwaendea wasomaji, kama alivyofanya Radway, badala ya kuirudia Utengano kwa mara ya mia. Wanachama wenye kalamu wanaweza kuziandika hadithi wanazozitamani, kwa Kiswahili kilichonyooka kisarufi na kisichoona haya kupenda. Majarida ya vyama vya Kiswahili, nayo, yanaweza kuvifanyia uhakiki vitabu ambavyo hakuna mwingine anayevihakiki, kwa kusifu kilicho chema na kukitaja kibovu kwa jina lake.

Tanzu hizi zimenyongwa kwa miaka mingi, na katika baadhi ya mashtaka zina hatia. Ila hata mshtakiwa mwenye hatia ana haki ya kusikilizwa kabla ya hukumu, na hakimu wa riwaya hawezi kudai kwamba amesikiliza ikiwa hajawahi kufungua ukurasa wa kwanza.